Kompyuta ya Meneja

Mume wangu Gibson alikuwa karani wa ushirika wetu wa chai, hapa Sosiot. Mwaka huu wa 1999 ofisi ilipotupa kompyuta zake nne za zamani, alizileta nyumbani kama ng'ombe wa mahari. Ameshazinakili zote ndani ya kompyuta mpya moja. Ukiziita, kila moja inaamka kwa dirisha lake na kudhani bado iko ofisini. Mizoga, yale maboksi ya zamani, nimeitupa zizini, ndama anailamba.

Leo ameamsha ile ya meneja.

Hiyo naijua. Sisi wakulima tulikuwa tukisimama nje ya ofisi mvua ikitupiga, tukiambiwa, "Mkubwa yuko kwa kompyuta." Mimi mjinga nilidhani anatupigania bei ya majani.

Dirisha likafunguka. Ndani kulikuwa na mchezo wa karata.

"Na kazi iko wapi?" nikauliza.

"Hakuna. Ni karata tu." Gibson akacheka, akaanza kucheza.

Mlango ukabishwa. Alikuwa mama jirani, amelowa mpaka leso ya kichwa. Ng'ombe wake ameanguka kwa mtaro, anaomba Gibson aje asaidie kumvuta.

Gibson hakugeuka. Alikuwa anamsukuma malkia mwekundu polepole kwa kipanya, akimtafutia mfalme.

"Mwambie angoje kidogo. Niko kwa kompyuta."

Nikamtazama yule mama. Miaka ile yote, kwa ile mvua, alikuwa akisimama kando yangu.

Nikainama ukutani, nikaishika plagi.