Honi Katika Ubeti wa Tatu

Honi ililia tena katikati ya wimbo, safari hii ikiwa na mwangwi mrefu wa kanisa, na Mbeti akashika kichwa.

Ilikuwa honi ya lori. Jana, alipokuwa akirekodi ubeti wa tatu katika studio hii ya Ruring'u, lori la mbao lilipita nje na dereva akaibana honi kama mtu aliyeona ng'ombe barabarani. Mbeti alinyamaza, akingoja Fundi Wahome asimamishe mashine. Hakusimamisha. Alimwinulia kidole gumba aendelee, naye akaendelea, maana nani angembishia Wahome?

Mtu mwenyewe alikuwa na jina. Miaka ishirini alipiga gita katika mabendi ya Nyeri, ubavuni mwa spika kubwa kama kabati, na sasa, mwaka huu wa 1998, alikuwa na kompyuta ya muziki ambayo watu walitoka hata Timau kuja kuiona. Ajabu yake ni hii: fundi akizungusha kitufe cha mwangwi kwenye skrini huku wimbo unacheza, kompyuta inaukumbuka mkono wake. Ukirudia wimbo, kitufe kinajizungusha chenyewe, na chini ya mawimbi ya sauti kuna mstari unaopanda pale alipoongeza mwangwi na kushuka pale alipopunguza. Ukitaka kurekebisha, unashika kidoti kwenye mstari, unakivuta.

Mistari ya Wahome ilipendeza macho, hilo tumpe. Ila kilele kirefu kuliko vyote alikiweka juu ya honi, pale mawimbi yalipokuwa makubwa zaidi.

Na Mbeti hakuwa na wakati. Saa kumi kanda ilitakiwa kupanda basi la Nairobi ikatolewe nakala, na Jumamosi ni uzinduzi kanisani Kiriaini. Kadi zilishagawanywa. Kaka yake Njagi alikuwa kwenye steji ya mabasi akiisubiri, na sasa ni saa tisa na robo. Miaka miwili amechuma kahawa ya watu kwa ajili ya wimbo huu, halafu kanisa zima limcheke kwa sababu ya lori.

"Fundi," alisema. Wahome alikuwa amempa kisogo, hedifoni masikioni, akitikisa kichwa taratibu. "Fundi, hapo kuna honi."

Wahome akazungusha kitufe.

Asubuhi alikuwa amemwonya. "Ukiwa na kitu ya kusema, kuja usimame mbele yangu. Sipendi mtu wa kuongelesha kisogo." Maringo hayo, Mbeti aliwaza, lakini sasa akazunguka meza, akasimama mbele yake. Tatizo ni kwamba Mbeti alilelewa akaleleka. Mtu wa rika la baba yako humkosoi huku umemkodolea macho. Aliinamisha kichwa, akaviangalia viatu vyake, akaviambia yote: honi, ubeti wa tatu, mwangwi utolewe hapo, tafadhali sana mzee.

Alipoinua uso, Wahome alikuwa anatabasamu.

"Usijali, msichana yangu. Hiyo ndiyo itaguza watu."

Kisha akavua hedifoni, akatoka kwenda choo cha nyuma ya ploti.

Mbeti alikitazama kiti kitupu. Hakuwahi kugusa kitu cha mtu bila ruhusa, lakini alikishika kipanya, akavishusha vile vidoti kimoja kimoja, kama alivyomwona mwenyewe akifanya. Akaucheza wimbo kwenye spika ndogo za mezani. Honi ilikuwepo, ila kavu na fupi, mtu asiyejua angeipita tu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua vizuri.

Wahome akarudi, akatupa jicho kwenye skrini, wimbo wenyewe hata hauchezi, akakunja uso.

"Ati nani ameguza laini yangu?"

"Ni mimi, mzee. Ile honi..."

Lakini alishaketi kuelekea kompyuta. Akavaa hedifoni, akaanza kuvipandisha vidoti tena, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayetunga shanga.

Mvua ikaanguka juu ya mabati, mvua ya Nyeri isiyopiga hodi. Mbeti hakuusikia tena wimbo wake wala sauti yake mwenyewe alipoita. "Fundi!" Wahome alitikisa kichwa, hajakosa hata pigo moja, macho kwenye kimstari kinachotembea kwenye skrini wimbo ukicheza. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Kumshika bega mzee wa watu asingethubutu, na machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

Adui ni hizo hedifoni, aliwaza. Zikikatika, atanisikia, apende asipende.

Alipiga magoti. Akaufuata waya kwa macho kutoka masikioni mwa Wahome, ukapita begani, ukateremka nyuma ya kiti, ukapotelea chini ya meza kwenye vumbi. Akaingiza mkono, akaushika kule mwisho, akafumba macho na kuung'oa kwa nguvu.

Waya ulimjia bila kukwama; haukuwa umechomekwa popote, ncha yake imefungwa kwa raba na kuota utando wa buibui. Juu yake Wahome aliendelea kutikisa kichwa, akiipandishia honi mwangwi kwa upole.