Kiti cha Siku Ishirini na Moja

Katika chuo kikuu cha kuku, kiti cha uprofesa kilikaliwa na majogoo tu. Siku Kishingo, kuku jike mwenye shingo tupu na shahada mbili, alipokiomba, majogoo walicheka hadi vilemba vyao vyekundu vikatikisika.

"Bi Kishingo, usomi ni kutulia," alisema Profesa Kikwara, mkuu wa chuo. "Wewe una vifaranga, una mume. Utatulia saa ngapi?"

Wakamtungia sharti ambalo wao wenyewe hawakuwahi kuwekeana: akae kitini na utafiti wake kwa siku ishirini na moja, akishuka mara moja tu kwa siku kunywa maji. Kikwara akajitolea kukaa kiti cha pembeni ili amwoneshe mfano.

Asubuhi ya kwanza tu, jogoo wa jirani aliwika. Kikwara akaruka chini kwenda kumjibu, na kitini hakurudi tena.

Kishingo alikaa. Mvua ilimnyeshea, kunguru wakamzomea, naye akafunua ukurasa mwingine. Siku ya ishirini na moja alishuka amekonda, utafiti wake umekamilika, na majogoo wote wakasimama kumpisha.

"Nani alikufundisha kukaa namna hii?" Kikwara aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mama yako, Profesa, alipokuwa akiatamia mayai," Kishingo alijibu. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa chini yake."