Mkono Juu

Fainali ya mpira wa meza iliwakutanisha ndugu wawili wasiosemezana tangu matanga ya mama yao. Masoud, mkubwa, ndiye aliyebaki na nyumba, akawa analala humo peke yake.

Kwenye pointi ya mwisho mpira wake uligusa ukingo wa meza, ukachepukia sakafuni. Ukishinda kwa bahati ya namna hiyo, desturi ya mchezo ni kuinua mkono kuomba radhi.

Masoud akauinua. Watu walipiga makofi, wakaanza kutoka. Nassor, mdogo wake, alikuwa ameinama kuokota mpira, hainuki.

"Shusha mkono, bwana, umeshashinda," mwamuzi alimwambia.

Masoud hakuushusha. Alikuwa akiutazama mgongo wa mdogo wake ng'ambo ya meza.