Misumari Ndani ya Injini

Walipotoka tu Katito, injini ya pikapu ilianza kugonga kama misumari inayotikiswa mkebeni. Dalmas mwenyewe ndiye aliyeifungia turbo, akitaka mbio. Sasa kila akikanyaga mafuta inagonga zaidi, na hospitali iko Kisumu. Kando yake, pumu ilikuwa imembana mama yake, kifua kikipiga filimbi.

"Pole pole, baba," mama alisema. "Hii gari itakufa, tulale kwa barabara."

Hakutaka kusikia. Lakini karibu na Ahero mshale wa joto la injini ulifika kwenye alama nyekundu, akainua mguu kidogo tu.

Misumari ikanyamaza. Dalmas akatega sikio aisikie ile filimbi ya kifua, asiisikie.

"Mama?"

Hakuuliza tena. Alikanyaga mafuta mpaka chini, misumari ikaanza upya, ikalijaza gari lote.