Makofi ya Mwenyekiti

Walipofika kileleni, jicho la kulia la Mwalimu Gerhardus Isaks lilikuwa limeshajifunga kwa uvimbe, na la kushoto lilikuwa njiani kulifuata.

"Naona vizuri kabisa," alisema, akaketi juu ya kofia ya mtu.

Ilikuwa Septemba, majira ya machipuko, wakati Mto Orange unapotoa usubi kama chungu kinavyotoa mvuke. Bi Lettie Beukes, nesi mstaafu, alikuwa ameomba tangu Agosti kwamba matembezi ya chama cha kanisa yaahirishwe. Mwalimu alikataa.

"Usubi wa hapa unanijua tangu nachunga mbuzi," alimwambia.

Na kweli ulimjua, maana ulimwendea yeye kwanza. Chandarua cha kichwani nacho alikikataa, kwa sababu mwenyekiti hawezi kupanda mlima kama bibi harusi. Badala yake alibeba kopo la samadi kavu iliyofuka moshi, dawa ya marehemu babu yake. Moshi uliwafukuza watu wote waliokuwa karibu naye. Usubi ulibaki. Nusu ya njia kopo likazimika, ikabaki harufu.

Lakini ilibidi apande. Kwa desturi ya chama, mwenyekiti huchaguliwa kileleni, baada ya hotuba, kwa makofi, na mwaka huu Bi Lettie naye aligombea. Mwalimu alikuwa amestaafu shule, watoto wamehamia Cape Town, na nyumbani hata mbwa alimtii mkewe tu. Kiti hicho ndicho kilichobaki. Aliogopa kukipoteza kuliko alivyoogopa upofu.

Mkewe, Drieka, akamwinua, akamgeuza awaelekee watu.

"Fupisha, Baba. Watu wanaliwa."

"Hotuba nzuri haikatwi, Mama."

Jicho la kushoto nalo likajifunga. Mwalimu akapanua mikono gizani.

"Ndugu zangu wapendwa!"

Kokoto zikaporomoka upande wa njia. Pimbi hao, aliwaza. Hawana adabu hata kidogo.

"Mnaniona nimevimba kama unga uliozidishiwa hamira. Msishangae. Kichwa changu ndivyo kilivyo siku zote kwa ndani. Leo tu kimejitokeza nje."

Kofi likalia. Kisha mawili, matatu, ya harakaharaka. Mwalimu akapata nguvu. Maisha yake yote hakuwahi kujicheka mbele za watu, na sasa alionja utamu wake.

"Bi Lettie alisema tungoje. Mke wangu alisema tungoje. Hata mbwa alikataa kutoka nyumbani. Ni mimi peke yangu niliyejua zaidi, na ndiyo maana ni mimi peke yangu ninayenuka samadi!"

Makofi tena. Mtu akacheka mpaka akapaliwa. Alikijua kicheko hicho: cha Drieka, na hakuwa amekisikia siku nyingi. Wengine bila shaka walicheka kimoyomoyo, kwa heshima.

"Huyu Drieka," aliendelea, sauti ikimlainika, "hapendi milima. Namburuta kila mwaka, na hajawahi kunisema. Leo mbele yenu nyote namwomba radhi."

Halafu kofi moja, zito.

"Haya, tupige kura. Anayemtaka Bi Lettie?"

Hakuna aliyepiga. Alisikia tu mtu akivuta hewa kwa meno. Mwalimu alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo akangoja. Akangoja tena, wapinzani wasije wakalalamika. Hata kofi moja halikusikika.

"Na anayenitaka mimi?"

Makofi yakamiminika bila mpangilio, karibu ya hasira, mtu akiguna kwa kila moja. Mwalimu akalia kwa furaha, machozi yakitafuta pa kupita.

Drieka akamshika mkono waanze kushuka. Kiganja chake kilikuwa cha moto, tena kinanata.

"Umenipigia makofi mpaka mikono inawaka, Mama."

"Shingo ndiyo inayowaka, Baba. Ulipoitisha kura ya Lettie niliuacha usubi unile tu."

Mwalimu hakulizingatia hilo. Bado alikuwa kwenye ushindi wake, na mshindi hupaswa kuwa muungwana.

"Waambie wenzetu watutangulie, nisiwacheleweshe."

"Wameshatutangulia."

"Tangu lini?"

Drieka akaliondoa jiwe lililokuwa mbele ya mguu wa mumewe.

"Tangu uliposema, 'Ndugu zangu wapendwa.'"