Rehani ya Vyumba Vinne

Mume wangu Hatibu alimsahau binti yetu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha benki. Asiye na hati ya kiwanja huweka rehani kumbukumbu, na anayeanza kujenga vyumba vya kupangisha mara nyingi hana hati. Benki hupima kumbukumbu zake zote, kisha huchukua iliyo nzito kuliko zote. Ya Hatibu ilikuwa Zulfa, aliyefariki akiwa na miaka sita.

"Ni miaka mitatu tu, Mama Zulfa," aliniambia mlangoni. "Kodi italipa mkopo, nami nitamkomboa mwanangu."

Alipotoka alisema, "Twende, Mwanaidi." Hakuwahi kuniita hivyo tangu nilipojifungua.

Vyumba vinne vilijaa, na kila mpangaji alilipa kodi ya miezi sita mbele. Mwaka wa tatu fedha za kukomboa zilitimia, nikamkumbusha.

"Nikomboe nini?"

"Mwanao."

Nikampa picha. Aliitazama kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Mzuri. Amefanana nawe," alisema, akanirudishia. "Lakini Mwanaidi, mtu hukomboa asichokijua? Rehani ikibaki pale pale, benki wananiongezea mkopo wa vyumba sita."

Nililia mbele yake. Akaniletea maji, akauliza kama kuna mpangaji aliyenikosea.

Sasa vyumba ni kumi, na kaburi la Zulfa nalipalilia peke yangu.