Namba za Asubuhi

Muuguzi alipima mara tatu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha akaenda chumba cha pili kuleta mashine nyingine. Nayo ikasema yaleyale: themanini na nne kwa hamsini.

"Haiwezekani," alisema binti. "Baba yangu ana presha ya kupanda. Leo asubuhi ilikuwa mia moja tisini na mbili kwa mia moja na kumi. Ninayo hapa."

Alitoa daftari mkobani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwa mtu wa kuongea bila ushahidi. Miezi mitatu ya namba, tarehe kwa tarehe, na pembeni mstari mwekundu alioupiga mwenyewe kwa rula, ukipanda kama ngazi.

Kitandani, baba alilala macho nusu wazi, uso umepauka kama vumbi la mbao. Seremala wa miaka sitini na nane. Asubuhi ile aliinuka kwenye kigoda chake, akaona giza, akaangukia meza ya kazi. Paji la uso lilikuwa limeshonwa nyuzi saba. Dripu ilidondoka taratibu.

Mama alisimama mlangoni, funguo za nyumba mkononi. Zikamponyoka. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza zilianguka ndani ya teksi.

"Leo funguo zimeota mabawa," alisema, akiinama polepole huku ameshika ukuta. "Na taa za humu mbona kali hivi? Kichwa kinanigonga."

Muuguzi alimtazama. "Na mama naye tumpime?"

"Mama ni chuma huyo," binti alijibu bila kugeuka. "Hajui hata kidonge kina ladha gani. Ni hofu tu. Mama, hebu kaa kwenye benchi hapo nje upate hewa. Huku niachie mimi."

"Haya, mwalimu," mama akasema. Ndivyo alivyomwita kila alipoamrishwa na mtoto wake. Akatoka.

Daktari alikuja, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyomshuka puani. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Nani anapima?"

"Mama. Mashine niliwanunulia mimi. Nakaa upande wa pili wa mji, basi kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi napiga simu, mama ananisomea, naandika. Mwisho wa mwezi napeleka daftari kliniki, wanaongeza dawa. Mzee mwenyewe haendi. Alikwenda siku ya kwanza tu, ikaonekana mia moja na sitini, akaapa hatakanyaga tena. Huyu ukimvuta ndiyo anakaza."

Hakusema yote. Hakusema kwamba alimtishia mama: siku nikikosa namba, nakuja kumchukua baba akae kwangu. Mama alicheka siku ile. "Usije ukanivunjia nyumba kwa sababu ya namba," alisema. "Mimi na baba yako tumekula chungu kimoja miaka arobaini, chumvi ileile. Namba utazipata."

Na alizipata. Hakukosa hata siku moja. Tena alikuwa akizipenda zile dakika mbili za simu: mngurumo wa mashine ikijaza upepo, mama akihema, na kwa mbali, uani, randa ya baba ikikwaruza ubao.

"Vidonge anameza?"

"Vyote. Mama anamsimamia mpaka anywe maji."

"Vinne kwa siku." Daktari alivua miwani. "Sikiliza, mwalimu. Hizi ni dawa za mtu wa mia moja na tisini. Kwenye daftari lako, kila wakiongeza dawa, namba hazishuki hata kidogo. Lakini huyu hapa kitandani, dawa zimemshusha mpaka ameanguka. Ama mashine yenu ni mbovu, ama..."

"Mashine ni nzima. Niliijaribu mwenyewe."

Binti alilitazama daftari mkononi mwa daktari. Kama zile namba si za kweli, basi ni yeye aliyemnywesha baba yake sumu, siku baada ya siku, kwa rula na wino mwekundu. Alilichukua daftari, akalifunga, akalifungua tena, kana kwamba hesabu ingejirekebisha yenyewe. Kila namba ilikuwa mahali pake.

Baba akakohoa. "Mnabishania nini? Sijafa."

"Presha yako, baba. Asubuhi mama alipokupima, ulikuwa unajisikiaje?"

"Kunipima mimi?" Mzee akajaribu kucheka, nyuzi zikamuuma. "Lile dude lilinibana wiki ya kwanza tu. Nikamwambia mama yako, kama unalipenda sana, livae wewe." Akafumba macho. "Basi akawa analivaa."

Daktari alikuwa ameshainuka.

Kule nje kwenye benchi, funguo zilianguka mara ya tatu. Hakuna aliyeinama kuziokota.